Yaya Mado, nitafutie yule avoka, wakili wa kesi

Lubumbashi, Katuba

Yaya Mado,

Jambo sana dada yangu mkubwa, wewe na bwana na watoto wote wa Kolwezi. Sisi tuko. Mama anasumbuliwa na magoti, umeme unakuja ukitaka. Najua utasema ninakukumbuka siku ya shida tu. Sema, ni haki yako, lakini soma mpaka mwisho.

Patient yuko gereza la Kasapa. Ndiyo, Patient ndugu yetu, yule ambaye hata sukari ya mama hagusi bila kuomba. Patroni wake, bosi wa kazi, amemshitaki kwamba ameiba nyaya za shaba ndani ya depo. Polisi walimkuta na ufunguo wa depo mfukoni, wakaandika kwenye PV, ile karatasi ya maelezo ya polisi, kwamba aliingia kwa funguo za bandia. Yaya, ufunguo ule patroni alimpa mwenyewe, ili afungue mapema magari yakija kupakia! Zamu, yule mlinzi wa usiku, alikuwepo, aliona. Lakini zamu hakuna aliyemuuliza, na Patient alitia sahihi PV ya Kifaransa ambayo OPJ, polisi mpelelezi, alimsomea mbiombio kama padri mwenye njaa.

Sasa sikia ubaya wake. Wizi wa kawaida kifungo hakipiti miaka 5. Ukiwa wa kuvunja mlango au wa funguo za bandia, unaweza kufika miaka 10, na kesi inatoka tribinali ya amani inapanda ile kubwa. Yote juu ya ufunguo ambao mwenye depo alitoa kwa mkono wake.

Jumapili jamaa walikutana kwetu. Unawajua. Baba mudogo anataka tukusanye makuta, pesa, eti ana mtu wake kule parke, kwa waendesha mashtaka, “mambo itaisha”. Ile itaisha yake, kumbuka kiwanja cha Ruashi! Shemeji naye akaleta avoka, mtu wa heshima, suti safi, kazi yake ni viwanja na urithi. Nikamuuliza: Maître, umeshawahi kuhoji mashahidi kwenye kesi ya jinai? Akajibu kwamba majaji wote anawafahamu. Mimi sikumuuliza anamfahamu nani. Wazee wakanitazama vibaya, nikaingia jikoni kusonga bukari.

Ninachotaka ni mtu atakayekwenda Kasapa akae na Patient, afungue dosie aisome yote, amtafute zamu kabla hajatishwa, halafu siku ya kesi asimame aongee. Katiba ya 2006, kifungu cha 19, inasema mtu ana haki ya kuwa na avoka tangu kwa OPJ. Nani alimwambia Patient? Kifungu cha 18 kinasema polisi wasimshike mtu zaidi ya saa 48, naye alilala kasho ya polisi kupita hapo. Mambo hayo mtu wa viwanja anayajua, hakatai, lakini anayaacha yapite. Tena kizuizi chenyewe: jaji anatoa siku 15, kisha wanaongeza mwezi, na mwezi mwingine. Kukikatia rufaa una saa 24 tu. Hukumu yenyewe ikitoka, siku 10. Nyumbani kwetu nani atahesabu? Baba mudogo?

Wameniambia pia kwamba barro, chama cha maavoka, ina ofisi ya kusaidia bure wasio na uwezo. Nitaenda, sioni haya. Ila pale huchagui: unaweza kupewa mkali, unaweza kupewa kijana ambaye bado anajifunza. Kwa pesa ya avoka wa kuchagua, zamu yangu ya kupokea likelemba, ule mchango wetu wa kupokezana, imekaribia, na mama amekubali kuuza ile friji ambayo haigandishi.

Ndiyo maana ninakuandikia. Yule avoka mwanamke aliyemtetea bwana wa Clémence, yule uliyenieleza kwenye matanga, aliyemhoji shahidi taratibu mpaka akasema kwa mdomo wake kwamba usiku ule hakuwa Likasi. Huyo ndiye ninamtaka. Na ni haraka, maana jana nimesikia patroni anataka kumrudisha zamu kwao Kasenga. Akishafika Kasenga, nani atamleta mbele ya jaji?

Bado anatetea kesi au ameingia siasa? Analipwa mara moja au kidogo kidogo, na anatoa risiti? Atakubali kushuka Lubumbashi, au ana mwenzake hapa anayemwamini? Na hili unijibu bila kunionea huruma: alimwahidi Clémence kwamba watashinda? Kama alimwahidi, namba yake usinipe.

Na mtoto amepita mtihani wa serikali, Exetat? Mbona hamsemi?

Nipigie usiku. Mchana niko soko ya Kenya, ule mtaa wa hapa Lubumbashi, hakusikiki kitu.

Mdogo wako,
Nono