Usimkataze Salma

Shoga yangu Raya,

Wa alaykum salaam. Barua yako aliniletea Mama Nassor aliposhuka boti, na samli imefika, ahsante sana. Hapa wote wazima, Bi Mkubwa goti tu linamsumbua. Nakuandikia mbio nikuwahi kabla hujamjibu Salma. Unataka kumwambia aiache hiyo habari ya kutafiti virusi vya UKIMWI, eti dawa zishapatikana.

Shoga, usimwambie hivyo. Kidonge kimoja kwa siku, chenye tenofovir miligramu 300, lamivudine 300 na dolutegravir 50, kinamfanya mtu aishi umri wake na azae mtoto salama. Lakini hakimwondolei VVU. Kirusi hujipachika ndani ya vinasaba vya chembe za CD4, yaani chembe nyeupe za kinga ya mwili, na baadhi ya chembe hizo hulala miaka mingi nacho. Kinachozaliana, dawa hukizuia, kilicholala, haikigusi. Akiacha dawa, kwa watu wengi kinarudi ndani ya wiki chache. Timothy Ray Brown alipona kule Berlin, lakini kwa kupandikizwa uboho kwa sababu ya saratani ya damu, tiba ya hatari isiyoweza kupewa kila mwenye VVU. Kukitoa hicho kilicholala ndiyo kazi inayowangoja kina Salma.

Msimulie habari za Françoise Barré-Sinoussi, Mfaransa aliyekigundua kirusi hiki na wenzake, aliyeanza Institut Pasteur, taasisi ya utafiti ya Paris, kwa kujitolea. Januari 1983 waliletewa kipande cha tezi ya shingo ya mgonjwa. Wakaziotesha chembe zake, na kila siku tatu au nne wakawa wanapima kimeng'enya kinachogeuza RNA (vinasaba vya kirusi) kuwa DNA, alama ya kwamba kirusi cha aina hiyo kimo. Kikaonekana, kisha kikaanza kushuka, maana chembe zilikuwa zinakufa. Wakaongeza chembe nyeupe kutoka damu ya mchangiaji, kikapanda tena. Wangepima mara moja kwa mwezi, kingewapita. Mei mwaka huohuo wakachapisha, na Nobel ikaja 2008. Mimi kinachonigusa hapo ni zile siku tatu nne.

Kwa hiyo ajifunze mikono kwanza. Damu ya kupima wingi wa virusi iingie kwenye chupa ya EDTA (dawa ya kuzuia damu kuganda) yenye kifuniko cha zambarau, ipinduliwe polepole mara nane hadi kumi. Ukiitikisa, chembe nyekundu zinapasuka. Isiwe chupa ya heparini, dawa nyingine ya kuzuia kuganda, maana inazuia PCR, kipimo kinachohesabu vinasaba vya kirusi. Plazma, yaani maji ya damu yasiyo na chembe, itenganishwe ndani ya saa 24, na damu nzima isigandishwe kwenye friza kabisa. Kama boti haina uhakika, kuna kadi za damu kavu: tone la kama mikrolita 70 lijaze duara kwa mara moja, usirudishie juu yake. Kadi ikauke kivulini saa nne au zaidi. Masika hayo ya Pemba, iache usiku kucha. Kisha kila kadi mfuko wake, na vipakiti vya kunyonya unyevu, kwa sababu unyevu ndio unaoivunja RNA. Tena kadi hubeba na vinasaba vya kirusi vilivyomo ndani ya chembe, kwa hiyo majibu madogo huweza kusomeka makubwa kuliko ya plazma. Mtafiti asiyelijua hilo atamhukumu mgonjwa anayemeza dawa zake vizuri.

Hofu yako ya kuambukizwa naielewa. Sindano isirudishiwe kifuniko, glavu zisikosekane. Ikitokea ajali, dawa za kinga zianze mara moja, zisipite saa 72, na azimeze siku 28.

Pale Wawi kuna ile maabara ya Ivo de Carneri, tangu 2000. Wao zaidi ni kichocho na minyoo, lakini pipeti, kile kifaa cha kunyonyea na kupimia maji kidogo kidogo, ni ileile. Akaombe kujitolea wakati anangoja chuo.

Narudi palepale, Raya, usimkataze. Kemia alipata ngapi? Mwenyewe anataka udaktari au maabara, maana Muhimbili wana shahada ya sayansi ya maabara? Baba yake anasemaje? Na yule Maalim wa baiolojia bado yupo skuli, au kahamia Wete? Nijibu kwa boti ya Jumamosi, na kama Salma mwenyewe ana maswali ayaandike, nitamjibu moja moja.

Shoga yako,
Zuhura