Wanaokwenda kliniki ya utumbo wiki ijayo: anzeni kuandika leo

Ndugu zangu, habari za jioni. Kila siku kabla ya kulala andika: umeenda choo mara ngapi, kuna damu au hakuna, maumivu kiasi gani kuanzia 0 hadi 10. Kinyesi kieleze kwa chati ya Bristol, yaani picha za aina 7 za kinyesi, kuanzia kigumu hadi cha majimaji. Daftari lolote latosha, Kiswahili au Luganda ni sawa.

Kamera ya utumbo huonyesha vidonda, lakini haioni kwamba ulishuka kwenye taksi pale Wandegeya, Kampala, kutafuta choo. Hilo utalisema wewe, na hata majaribio ya dawa siku hizi huyapima maelezo ya mgonjwa. Damu msiifiche kwa haya, jamani! Wenye wazee, waandikieni maneno yao wenyewe, msiyapunguze.