Antena usiifunge kwenye keria, swahiba

Swahiba wangu,

Za siku nyingi? Shemeji na watoto hawajambo? Huku Dodoma tupo, wazima, upepo na vumbi ndo vimetuandama wiki hizi.

Nimefurahi sana kusikia umeshapata redio ya CB, hii ya kuongea gari kwa gari, ya lile gari lako la hadtopu, tutaongozana hadi Iringa kwa njia ya Mtera bila kusumbuana na simu kwenye zile sehemu mtandao unapokata. Ila uliposema fundi anataka kufunga antena kwenye keria nikaona meseji haitoshi, maana hapohapo ndo mimi niliunguza redio. Fundi alinifungia kwenye bomba la keria, pakapendeza kweli, nikatoka nayo mpaka Manyoni, wenzangu wa gari la nyuma wananipata wakiwa karibu tu, wakibaki nyuma kidogo kimya. Nikadhani redio haina nguvu, nikazidi kubonyeza na kuongea, mwisho ikawa inapokea tu hairushi. Kuja kufungua, transista ya kurushia imekufa.

Tatizo ni kwamba keria yangu imekaa juu ya raba, na ina rangi nene, kwa hiyo haijagusana na bodi. Na antena ya gari ni nusu tu ya kazi, nusu nyingine ni bodi lenyewe. Mawimbi ya CB ni ya megahezi 27, yana urefu wa kama mita 11, robo yake ni mita 2.7 na ushee, ndo fito kamili hiyo. Sasa fito ya hivyo juu ya hadtopu itagonga kila tawi la mkwaju, wewe chukua ya faiba ya kama mita 1.2 au 1.5 iliyozungushiwa waya ndani, yenye springi chini, inatosha kabisa.

Mahali pazuri kuliko pote ni katikati ya paa, lakini wewe una keria na tairi la spea huko juu, basi tafuta breketi ya kubana kwenye mfereji wa paa. Ya sumaku inafaa mjini, kwenye rafu rodi mimi siiamini, vumbi likiingia chini yake inateleza na kukwangua rangi. Pale breketi inapokaa chubua rangi kwa msasa hadi uone chuma kinang'aa, usiridhike na kile cheupe, hicho ni praima. Mimi nilichubua nikadhani tayari, nikaweka multimita, waya mmoja kwenye breketi mwingine kwenye hasi ya betri, kimya, nikachubua tena kidogo ikalia piii. Aisee nilifurahi! Ukimaliza paka grisi pasipate kutu.

Waya wa kutoka kwenye redio hadi antena uwe wa koaksi wa omu 50, usiupitishe pale mlango unapoubana, na kabla hujauunga popote upime, ule wa katikati usigusane na wavu wa nje hata kidogo.

Halafu azima mita ya SWR, ile inayoonyesha nguvu inayorudi kwenye redio badala ya kutoka kwenye antena, ndo inayounguza redio, naomba sana hapa usiruke. Nenda uwanja mtupu, funga milango, watu wakae mbali na gari, pima chaneli 1 kisha 40, bonyeza sekunde chache tu. Ikiwa chini ya 1.5 safi, mpaka 2 inavumilika, ikifika 3 acha kabisa kubonyeza. 40 ikisoma juu kuliko 1 antena ni ndefu, punguza milimita chache upime tena, 1 ikiwa juu basi ni fupi. Zote zikiwa juu sana usiguse fito kwanza, rudi kwenye ethi, yaani pale breketi inapogusana na bodi, na kwenye waya. Mimi sikupima, ndo yakanikuta.

Usitegemee maajabu lakini, gari kwa gari ni kilomita chache, tukitenganishwa na vilima vya mawe inapungua zaidi. Na kabla hujaanza kurusha pitia TCRA, mamlaka ya mawasiliano, uulizie leseni, usije ukasimamishwa njiani bila karatasi.

Ukishachubua hapo kwenye mfereji nipigie picha ya karibu unitumie kabla hujapaka grisi, nataka nikione hicho chuma.

Nduguyo,
Dodoma