Barua kwa Mwanangu: Maneno Yaliyoandikwa Kwenye Kadi Yako

Mikindani, Mtwara
2 Novemba

Mwanangu mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta mzima wa afya, wewe pamoja na mkwe wangu, na kwamba joto la huko Liwale halikusumbui kupita kiasi. Sisi huku hatujambo. Baba yako yumo katika korosho asubuhi na jioni, naye anakusalimu sana.

Ujumbe wako wa juzi niliusoma mara tatu. Uliniandikia kwamba muuguzi alikupima vizuri na kukujazia kadi ya ujauzito, lakini ulirudi nyumbani na maneno usiyoyaelewa, kwa kuwa uliona haya kuuliza huku foleni ikikusubiri nyuma yako na wazazi wa wanafunzi wako wakiwamo humo. Nimeona nisikujibu kwa simu. Nimefanya kazi ya ukunga miaka 31 katika zahanati na wodi za wazazi za mkoa huu na wa Lindi, na nataka uwe na maelezo haya kwa maandishi, uyasome wewe na mumeo, kisha uyahifadhi pamoja na kadi.

Kuna jambo ambalo sijawahi kukusimulia kwa ukamilifu. Unajua kwamba mama yako mkubwa alifariki akiwa na ujauzito wake wa kwanza, huko kwetu uwandani Newala, kabla wewe hujazaliwa. Usilolijua ni kwamba alikuwa amehudhuria kliniki. Alipimwa, akaambiwa kwamba ana dalili za kifafa cha mimba, na akatakiwa aende hospitali siku ile ile. Alipofika nyumbani kueleza, wazee walishika neno moja tu, kifafa. Katika ukoo wetu hapakuwa na mtu aliyewahi kuugua kifafa, kwa hiyo wakaona ama muuguzi amekosea ama pana mkono wa mtu, na siku mbili zikapotea kwa kumtafuta mganga. Usiku wa siku ya tatu alianza kutupa mikono na miguu. Mimi nilikuwa na umri wa miaka 15, na ndiye niliyekishika kichwa chake. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya pale nyumbani, na muuguzi alisema neno sahihi, ila hakuna aliyemweleza dada yangu kwamba ugonjwa huo hauhusiani na kifafa cha ukoo wala mashetani, na yeye hakuthubutu kuuliza. Ndiyo sababu nilisomea ukunga, na ndiyo sababu sipendi kusikia kwamba umeona haya.

Kifafa cha mimba hutanguliwa na shinikizo la damu kupanda baada ya wiki ya 20 ya ujauzito, mara nyingi pamoja na protini kuonekana kwenye mkojo. Wewe sasa umeingia katika wiki hizo. Kila unapokwenda kliniki utazame tarakimu mbili zinazoandikwa baada ya kufungwa ule mkanda mkononi: zikifika 140 kwa 90 au zaidi, yoyote kati ya hizo mbili, usiondoke bila kuelezwa kinachofuata. Miguu kuvimba jioni ni jambo la kawaida kwa wengi, lakini uso na mikono vikivimba, kichwa kikiuma bila kutulia, macho yakiona ukungu au nyota, au ukipata maumivu makali chini ya chembe ya moyo upande wa kulia, usilale ukisubiri kupambazuke. Ipo dawa ya sindano iitwayo magneziamu salfeti ambayo huzuia na kutuliza degedege hilo, na nimeiona kwa macho yangu ikiwarudisha wanawake waliokuwa katika hali ya dada yangu. Haifanyi kazi kwa mtu aliyefichwa ndani ya nyumba.

Sasa niijie kadi yako. Umeuliza kuhusu herufi G yenye 1 na herufi P yenye 0. Ya kwanza ni idadi ya mimba ulizowahi kubeba, na ya pili ni idadi ya uzazi uliokwisha kupita. Sifuri ile si alama ya mtihani, mwanangu. Inamwambia mkunga kwamba mwili wako haujawahi kupita njia hii, na kwamba uchungu wako huenda ukachukua muda mrefu kuliko wa mwanamke anayezaa mara ya tatu.

Tarehe ya matarajio nayo haikubuniwa. Huhesabiwa wiki 40 kuanzia siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, na njia yetu ya haraka ni kuongeza siku 7 na kurudi nyuma miezi 3: hedhi yako ilianza 10 Juni, kwa hiyo umeandikiwa 17 Machi. Usiichukulie kama tarehe ya kufungua shule. Mtoto anayezaliwa kuanzia wiki ya 37 amekomaa, anayetangulia wiki hiyo ndiye tunayemwita njiti, na ikipita wiki ya 41 bila uchungu ni lazima uonwe na daktari.

Pale palipoandikwa 10.2 ni wingi wa damu. Mjamzito anatakiwa awe na 11 au zaidi, kwa hiyo una upungufu mdogo, si wa kutisha, lakini si wa kupuuzwa pia, kwa sababu mwanamke mwenye damu kidogo akipoteza nyingine wakati wa kujifungua hana akiba. Vidonge vyekundu ulivyopewa vina madini ya chuma na asidi ya foliki. Vimeze kila siku, usivimeze kwa chai, kwa maana chai huzuia chuma kuingia mwilini, na sasa kwa kuwa maembe yameanza kuiva, kula embe pamoja navyo. Kisamvu na mbaazi havikosekani Liwale. Dawa ya SP uliyomezeshwa mbele ya muuguzi ni kinga ya malaria, ambayo hukaa ndani ya kondo la nyuma na kumnyima mtoto chakula hata kama wewe huhisi homa. Utapewa tena kila baada ya mwezi mmoja au zaidi, angalau mara tatu kwa jumla. Na chanjo ya pepopunda inakulinda wewe pamoja na kitovu cha mtoto. Jina hilo nalo lina pepo ndani yake, na nimewahi kuona vichanga wakipelekwa kufukizwa ubani kwa sababu hiyo, ilhali ugonjwa huletwa na kijidudu kinachoingia kwenye kidonda, hasa kitovu kilichokatwa kwa wembe mchafu au kupakwa majivu.

Nije kwenye maneno ya leba, kwani huko ndiko wanawake wengi huchanganyikiwa. Utasikia wahudumu wakisema kwamba fulani «ameongezewa», na neno hilo moja lina maana tatu zisizofanana hata kidogo.

Kuongezewa damu unakujua. Kuongezewa uchungu ni kuwekewa dripu yenye oksitosini ili mfuko wa uzazi ubane kwa nguvu zaidi pale uchungu unapolegea, na dripu hiyo haiachwi ijiendee yenyewe. Mkunga anapaswa kuhesabu matone, kusikiliza mapigo ya moyo wa mtoto, ambayo kwa kawaida ni kati ya 110 na 160 kwa dakika, na kuweka mkono tumboni kupima uchungu. Huko vijijini yapo majani na mizizi ya kufanya kazi hiyo hiyo, na kuna bibi mmoja au wawili watakaokuletea kwa upendo wa kweli. Uyapokee kwa adabu, usiyanywe. Hakuna anayejua nguvu iliyomo ndani ya kikombe kile, na mfuko wa uzazi ukibana kupita uwezo wake hupasuka. Nimepokea wanawake waliofika wakiwa tayari wamepasuka, na sitaki kukuandikia zaidi ya hapo.

Kuongezewa njia ni jambo jingine kabisa. Ni kukatwa kidogo kwa mkasi sehemu ya chini ya uke wakati kichwa cha mtoto kinapotaka kutoka, kisha kushonwa. Tulipofundishwa sisi, karibu kila mwanamke wa uzazi wa kwanza aliongezewa njia, tukiamini tunamsaidia. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilieleza bayana kwamba jambo hilo lisifanywe kwa mazoea kwa kila mwanamke. Hivyo ukiambiwa kwamba utaongezewa njia, una haki ya kuuliza kwa nini, na sindano ya ganzi inapaswa kutangulia mkasi. Nasema hivi nikiwakumbuka wengi niliowakata bila kuwaeleza, na naijutia kazi yangu ya miaka ile.

Kupimwa njia, kwa upande mwingine, hakuna mkasi. Mkunga huingiza vidole viwili vyenye glavu ili kujua mlango wa kizazi umefunguka sentimita ngapi, na kwa kawaida hurudia baada ya saa nne. Mwisho wake ni sentimita 10. Sisi tulianza kuhesabu uchungu kuwa umekolea kwenye sentimita 4. Mwongozo wa 2018 umesogeza hesabu hiyo hadi 5, kwa hiyo usivunjike moyo ukiambiwa kwamba bado ni mapema. Utakayoona yakiandikwa kwenye karatasi yenye mistari ni patografu, ambayo huonyesha kama njia inafunguka kwa mwendo unaotakiwa na kama mtoto anastahimili. Muulize mkunga akusomee. Uchungu wa uongo huja na kuondoka, na ukitembea au kulala hupoa. Wa kweli hukaribiana na kuzidi kila saa. Chupa ikipasuka, hata kama hakuna uchungu, nenda, na utazame rangi ya maji: yakiwa ya kijani, mtoto amejisaidia humo ndani, na hilo umwambie mhudumu kabla ya salamu.

Neno la rufaa lisikutishe wewe wala wakwe zako. Watu wetu wakilisikia hudhani kwamba mambo yameharibika, au hukumbuka mahakama. Rufaa ni kupelekwa penye vifaa zaidi: kutoka zahanati ya kijijini kwenu hadi hospitali ya wilaya, na ikibidi hadi Sokoine pale Lindi, au hospitali ya kanda hapa Mitengo. Hatari haimo katika rufaa yenyewe, imo katika saa zinazopotea ndugu wakijadiliana nani aulizwe kwanza. Muafikiane na mumeo leo, kabla ya mwezi wa pili, kwamba muuguzi akitamka rufaa hakuna kikao. Namba ya dharura ya usafiri wa wajawazito na vichanga ni 115, na kuipiga hakuna malipo; iandikeni ukutani. Na kwa kuwa Machi ndiyo mvua zenyewe huko kwenu, na unaijua barabara ile, ninakutaka uhamie mjini Liwale, karibu na hospitali, tangu wiki ya 37. Shule itaendelea bila wewe.

Mtoto akishatoka, kazi haijaisha. Ndani ya dakika moja utachomwa sindano ya oksitosini, yuniti 10, ambayo hukaza mfuko wa uzazi ili kondo la nyuma litoke na damu isimwagike. Damu ikizidi nusu lita, yaani mililita 500, tunaita kutokwa na damu kupita kiasi baada ya kujifungua, na hicho ndicho kinachoua kwa kasi kuliko vyote. Mwanamke mzima anaweza kwisha ndani ya saa mbili. Kanga ikilowa na ukaibadilisha, na ya pili ikalowa, piga kelele. Mtoto naye awekwe kifuani kwako, ngozi kwa ngozi, na anyonye ndani ya saa ya kwanza. Maziwa yale ya njano ya mwanzo ni dang'a. Bibi zako huyakamua na kuyamwaga wakisema ni machafu, lakini hayo ndiyo kinga yake ya kwanza.

Damu ya nifasi itaendelea kwa wiki kadhaa, ikipungua wekundu. Ikitoa harufu mbaya, au ukipata homa na maumivu ya chini ya tumbo, hiyo ni homa ya uzazi, na arobaini isikuzuie kutoka ndani kwenda kutibiwa. Hata hospitali wanakuhesabia siku 42, na katika siku hizo wanataka kukuona zaidi ya mara moja, mara ya kwanza ikiwa kabla hujatimiza siku mbili.

Najua kwamba katika unyago ulifundishwa kuyatamka mambo ya mwili kwa mafumbo na mbele ya wanawake wenzako tu. Somo wako hakukosea, na adabu ile naiheshimu. Lakini mkunga aliye mbele yako ni kama yeye. Mwambie uke kwa jina lake, mwambie damu ni kiasi gani na ilianza saa ngapi, maana kwa neno «najisikia vibaya» hawezi kujua akimbilie wapi.

Nimempa kondakta wa basi la Nachingwea mfuko wenye kanga sita, mpira wa kutandika na pamba, na barua hii imo ndani yake. Mimi mwenyewe nitafika wiki ya kwanza ya Februari na nitakaa hadi arobaini ipite. Ukienda tena kliniki muulize muuguzi mambo matatu, na uyaandike majibu: shinikizo lako ni ngapi kwa ngapi, damu imepanda hadi ngapi, na kama mkojo una protini. Kisha nitumie.

Mimi mama yako akupendaye.