Barua ya wazi kwa Waziri wa TAMISEMI: umbali wetu nao uhesabiwe

Mheshimiwa Waziri,

Nakuandikia kutoka Liwale, mkoani Lindi. Naomba kilomita zetu zipewe uzito mkubwa zaidi pale mnapogawa fedha za kuendesha huduma za vijijini.

Sensa ya 2022 ilihesabu watu 1,194,028 mkoa mzima. Liwale peke yake ni karibu nusu ya eneo la mkoa, ingawa sehemu kubwa ni hifadhi ya wanyama, na sisi tuliomo ni wachache tena tumetawanyika. Mgawo ukifuata vichwa, sisi daima tutaambulia kidogo, wakati gharama zetu hazipungui kwa uchache wetu.

Chukua zahanati ya kijiji. Jokofu la chanjo lazima likae kati ya nyuzi joto 2 na 8, wawe watoto hamsini au mia tano. Betri ya sola ikifa, fundi anatoka mbali, na nauli yake inaweza kuzidi ujira wake. Muuguzi naye ni yule yule: usiku kazalisha, asubuhi anatoa dawa, mchana anajaza vitabu vya MTUHA, vile vya taarifa za huduma za afya. Akiitwa wilayani kikaoni, mlango unafungwa na wagonjwa wanarudi walikotoka.

Na huyo muuguzi analala wapi? Hapa ndipo panaponiuma zaidi. Kijijini kwetu watu walichanga, wakafyatua tofali, akina mama wakasomba maji na mchanga, nyumba ya mtumishi ikafika kwenye linta. Wananchi wakaambiwa wamefanya sehemu yao. Hadi leo halina paa boma lile. Mvua zinalimomonyoa na ndani kumeota majani. Mtumishi mgeni akipanga chumba mbali na zahanati, tusishangae akiomba uhamisho. Nguvu za watu zikipotea namna hii, mwenyekiti wa kijiji ataanzia wapi kuitisha mchango mwingine?

Najua tutaambiwa halmashauri itumie mapato yake ya ndani. Mapato hayo huku ni ushuru wa korosho na ufuta, ambao kisheria hauzidi asilimia 3 ya bei ya mkulima. Bei ikianguka mnadani, au mikorosho ikipata ugonjwa wa ubwiri unga, mfuko wa halmashauri unayumba msimu ule ule ambao na sisi wa kuchangia hatuna kitu. Mjamzito hawezi kusubiri mnada.

Namba 115 ya m-mama, ya kuita usafiri wa dharura wa wajawazito na watoto wachanga, tunaishukuru kwa dhati, imeokoa kina mama. Lakini masika, mito ikijaa, dereva anazunguka njia ndefu au anakwama kwenye tope. Simu imepokelewa, gari halifiki. Kwa hiyo kivuko na kalavati kwenye njia ya zahanati navyo ni huduma ya afya, vitengewe fedha kwa jicho hilo.

Mheshimiwa, katika bajeti ijayo tuwekee fungu la kumalizia maboma yaliyofika linta, tukianza na nyumba za watumishi wa vijiji vya mbali. Na kila fedha inapoingia kwenye akaunti ya zahanati, kiasi chake kibandikwe kwenye ubao wa ofisi ya kijiji, kisomwe na kwenye mkutano mkuu wa kijiji. Tutaifuatilia wenyewe.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mwananchi wa Liwale