Sabtaito zinawanyang'anya wahusika wetu lugha zao

Mhariri,

Filamu zetu za uhalisia zimejaa watu wenye lugha tatu mdomoni, lakini sabtaito, yale maandishi ya chini ya picha, huwafanya wote wazungumze lugha moja.

Tazama Nairobi Half Life ya mwaka 2012, iliyoongozwa na David "Tosh" Gitonga. Mwas anatoka kijijini kwenda Nairobi kutafuta uigizaji, na filamu inapita katika Kigikuyu, Kiswahili, Sheng na Kiingereza. Mhusika wa namna hii akibadili lugha, anabadilika na mwenyewe.

Chukua mfano mwepesi. Kijana anaongea na mama yake kwa simu, kwa Kigikuyu, sauti ya chini, ya heshima. Anakata, anamgeukia mwenzake kwa Sheng: "Msee, doo iko wapi?" yaani, rafiki, pesa ziko wapi? Mtazamaji aliyekaa Toronto anasoma sentensi mbili za Kiingereza safi, herufi nyeupe zilezile. Ule mgeuko, ambao ndio roho ya onyesho, haujamfikia.

Kinachobana ni nafasi. Mstari hubeba herufi kama 42, mistari haizidi miwili, na mtazamaji husoma herufi 15 hadi 20 kwa sekunde. Watu wakiongea haraka, mfasiri hulazimika kupunguza, na huanza na "shikamoo", "bana", "mwanangu", "jamani". Kumbe hayo ndiyo yanayoonyesha nani mkubwa, nani mgeni, nani wa mtaa.

Watayarishaji, ongezeni kwenye orodha ya mazungumzo, ile karatasi ya kauli zote za filamu anayopewa mfasiri, safu inayotaja lugha ya kila kauli. Lugha inayotawala iandikwe kwa herufi za kawaida, ya pili kwa herufi za mlazo. Rangi msizitegemee, maana faili la SRT, lile faili la sabtaito linalokaa kando ya picha, likichezwa kwenye kifaa kingine mara nyingi rangi hupotea. "Shikamoo" na "msee" yaacheni yalivyo. Yakirudi mara mbili tatu mtazamaji atayashika. Na jamani, wekeni nakala ya picha isiyo na maandishi, kwani yakishachomewa juu ya picha kosa halifutiki.

Tatizo lingine huanzia kwenye mswada. Huandikwa wote kwa Kiingereza, kisha mwigizaji anaambiwa atafsiri mwenyewe mbele ya kamera. Kinachotoka ni Kiswahili cha taarifa ya habari kinywani mwa makanga wa matatu. Mtafuteni makanga wa kweli kabla ya siku ya kupiga picha, asomewe kauli hizo, atakachorekebisha kiandikwe kama alivyokisema, naye alipwe.

Mpenzi wa filamu,
Mombasa