Tusiingilie Sudan, sawa; lakini anga nani anaifunga?

Mhariri,

Tangu wanamgambo wa RSF wauteke mji wa El Fasher, huko Darfur magharibi mwa Sudan, tarehe 26 Oktoba 2025, wanaojadili vita vya Sudan wamegawanyika. Wapo wanaotaka Afrika ipeleke majeshi, na wapo wanaosema vita vya wenyewe kwa wenyewe viachiwe wenyewe. Mimi ni wa kundi la pili. Kupeleka askari kati ya jeshi la taifa la Jenerali Burhan na RSF ya kamanda wake Hemedti, wakati hakuna usitishaji mapigano wa kusimamia, ni kuongeza mpiganaji wa tatu. Ila wenzangu wengi huishia hapo, kana kwamba kutoingilia ni kufunga mlango na kuzima taa.

Watazame Hispania. Majenerali walipoasi Julai 1936, nchi 27 za Ulaya zilikubaliana kutouzia silaha upande wowote, na Septemba kamati yao ikaanza vikao London. Ujerumani, Italia na Urusi ya Kisovieti zilikaa mezani huku zikipeleka ndege, vifaru na watu. Ukaguzi wenyewe ulianza Aprili 1937, miezi tisa baada ya vita kuanza. Wakaguzi walipanda melini, wengine wakawekwa mipakani, na manowari zikagawana doria. Pwani ya Mediterania iliyoshikwa na serikali ya Jamhuri ililindwa na nani? Na Ujerumani na Italia, wafadhili wa waasi! Tena mpango ulihusu meli za nchi wanachama tu, na ndege zilizoruka zenyewe hadi Hispania hazikuhesabiwa. Wiki moja baada ya doria kuanza, tarehe 26 Aprili, ndege za Ujerumani na Italia ziliuchoma mji wa Guernica. Kufikia Juni nchi hizo mbili zilikuwa zimejitoa kwenye doria. Serikali halali ilizuiwa kununua silaha sokoni, na waasi wakaendelea kuletewa.

Kasoro hizo hizo zilijirudia Libya. Vikwazo vya silaha viliwekwa Februari 2011, na tangu 2020 Umoja wa Ulaya umekuwa na operesheni ya baharini iitwayo Irini. Askari wakitaka kukagua meli ya mizigo, huomba kwanza ridhaa ya nchi ambayo bendera yake inapepea juu yake. Novemba 2020 askari wa manowari ya Ujerumani walipanda meli ya Uturuki, Ankara ikapinga, wakashuka kabla hawajamaliza. Na hata bahari ingezibwa yote, ndege na malori ya jangwani yangepita. Mwaka 2021 jopo la wataalamu wa Umoja wa Mataifa liliandika bila kupepesa macho kwamba vikwazo hivyo havikufaa kitu.

Sasa Sudan. Azimio 1556 la Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, la Julai 2004, liliwanyima silaha makundi yenye silaha huko Darfur, na Azimio 1591 la Machi 2005 likazijumuisha pande zote, serikali ikiwemo, lakini ndani ya Darfur tu. Vita vilivyoanza Aprili 2023 vimepiganwa pia Khartoum, Gezira na Kordofan, kote nje ya mpaka huo. Droni ikishushwa Port Sudan, bandari iliyo mikononi mwa jeshi, haivunji azimio. Inalivunja siku itakapoingia Darfur, na pale hakuna mkaguzi. Jopo la wataalamu huandika ripoti, halina mamlaka ya kufungua makasha. Ripoti ya Januari 2024 ilisema madai kwamba silaha za RSF zilitoka Falme za Kiarabu kupitia uwanja wa Amdjarass nchini Chad yanaaminika. Abu Dhabi imekana. Septemba 2024 tume ya uchunguzi ya Umoja wa Mataifa ilipendekeza vikwazo vienee Sudan nzima. Siku chache baadaye Baraza la Usalama likaongeza muda wa vile vile vya Darfur.

Najua pingamizi: vikienea nchi nzima vitalibana pia jeshi la taifa, kama Jamhuri ilivyobanwa Hispania. Ni kweli. Lakini Hispania kilichobanwa kilikuwa upande mmoja. Vikwazo vya Sudan vitakuwa na haki pale tu njia ya RSF ya Chad na Libya itakapokaguliwa kwa ukali ule ule wa Port Sudan, la sivyo ni afadhali visienezwe.

Hatuhitaji kulisubiri Baraza. Ibara ya 35 ya Mkataba wa Chicago wa 1944, unaohusu usafiri wa anga wa kimataifa, inakataza zana za vita kupita anga ya nchi bila ruhusa yake, na Ibara ya 16 inairuhusu kukagua ndege inayotua au kuondoka. Ndege moja ya mizigo aina ya Il-76 hubeba tani 40 na zaidi. Mambo huharibika kwenye makaratasi: shehena huandikwa "vipuri" au "misaada", afisa huangalia jina la shirika la ndege na ada iliyolipwa, kibali kinatoka. Hati ya mtumiaji wa mwisho, inayotaja nchi itakayozitumia silaha, huletwa nakala, na hakuna anayepiga simu kwenye wizara iliyotajwa kuuliza kama kweli iliitoa. Ndege ikishapita, hakuna anayelinganisha kibali na mahali ilipotua.

Wala kutoingilia hakuishii kwenye silaha. Februari 2025 RSF na washirika wake walitia saini Nairobi hati ya kuunda serikali yao. Kenya ilisema inatoa ukumbi wa mazungumzo. Sudan ilimwita balozi wake nyumbani, na Machi ikapiga marufuku bidhaa za Kenya, chai ikiwa ya kwanza kuumia. Mkulima wa Kericho hakuulizwa kama anaegemea upande.

Basi ninaziuliza mamlaka za usafiri wa anga za Nairobi, Dar es Salaam na Entebbe: tangu Aprili 2023 mmekataa vibali vingapi vya ndege za mizigo zinazoelekea Chad, mashariki mwa Libya na Port Sudan, na mmefungua makasha ya ngapi?

Msomaji wenu,
Mombasa